Ndege Hana cha Bure

(Hotuba kwa mkutano wa wapenda ndege. Imewekwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, walimu, vijana, na nyinyi watoto mliowahi viti vya mbele, hamjambo?

Kila mtu akisikia kwamba shughuli yangu ni ndege, maswali huwa yale yale. Kwa nini umeme haumuui ndege aliyetua kwenye waya? Kwa nini heroe husimama kwa mguu mmoja? Kigong'ota haumwi kichwa? Ndege hulala saa ngapi? Ni maswali mazuri, na leo nitayajibu kadiri muda utakavyoniruhusu. Ila na mimi nina langu moja, naomba mkae nalo tangu sasa. Tumezoea kuuliza ndege anapata nini kwa kufanya hivi au vile. Tuulize pia: analipa nini? Kwa sababu ndege hana cha bure. Mabawa yana gharama. Macho makali yana gharama. Hata uongo, kama mtakavyosikia, una gharama.

La waya tulimalize haraka. Umeme hupita mwilini pale mwili unapounganisha sehemu mbili zenye volteji tofauti. Shomoro ameweka miguu yote miwili kwenye waya mmoja, hivyo umeme hauna sababu ya kupitia kwake. Akigusa waya wa pili kwa wakati huo huo, au waya na nguzo ya chuma, amekwisha. Sasa nani ana mwili wa kuweza kugusa viwili kwa pamoja? Tai. Tumbusi. Korongo. Mabawa yale yale yanayowabeba juu kwa saa nyingi bila kupigapiga ndiyo yanayowaua kwenye nguzo. Shomoro anasalimika kwa ufupi wake tu.

Twende kwenye safari, maana hapo ndipo penye utamu.

Ndege wanaohama wanakwenda wapi? Swali hili liliwasumbua wasomi kwa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, manyoya yakiwa yamepukutika. Mwishoni mwa karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, akatoa yake: ndege huhamia mwezini. Msicheke sana. Mtu anayeona anga limejaa ndege leo, wiki ijayo hakuna hata mmoja, na baada ya miezi wamerudi, angekisia nini?

Jibu lilikuja mwaka 1822, na lilikuja na mkuki. Karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, mtu alimpiga risasi korongo mweupe. Alipomwokota akakuta shingo yake imepenywa na mti wa mkuki wenye urefu wa karibu sentimita 80. Haukuwa mkuki wa Ulaya. Ulikuwa wa Afrika. Ndugu zangu, korongo yule alichomwa mkuki Afrika, akapona akiwa nao shingoni, akaruka nao kupita Sahara mpaka Ujerumani, kisha akafa kwa risasi! Amekaushwa, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake shingoni. Baadaye walipatikana makorongo wengine wa namna hiyo, zaidi ya 20. Hoja ya kulala mashimoni ikafa, na ya mwezini pia.

Na njia wanaijuaje? Wengi husema "silka" na kufunga mjadala. Mtafiti Mmarekani, Stephen Emlen, hakuufunga. Miaka ya 1960 alichukua ndege wadogo wa Amerika Kaskazini, wale ambao dume lao ni la rangi ya nili, wanaosafiri usiku. Akamweka kila mmoja ndani ya faneli ya karatasi nyeupe, miguu juu ya kitambaa chenye wino. Ndege mwenye hamu ya safari hurukaruka kuelekea anakotaka kwenda, kwa hiyo kila akiruka aliacha alama za miguu kwenye karatasi. Asubuhi unaisoma karatasi na kujua usiku kucha alitaka kwenda wapi. Faneli hizo zilikuwa ndani ya ukumbi wenye dari la kuba, ambako mashine humulika nyota kama za angani.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi naona ni ujanja wa hali ya juu. Akalea makinda ambao hawakuwahi kuona anga halisi. Usiku wa kweli nyota za kaskazini huzunguka karibu na Nyota ya Kaskazini. Yeye akawaonyesha baadhi ya makinda anga la uongo, linalozunguka nyota nyingine kabisa, Betelgeuse. Msimu wa kwenda kusini ulipofika, wale makinda waliipa mgongo Betelgeuse, kama vile kaskazini ndiko iliko. Kwa hiyo si kwamba kinda huzaliwa na ramani ya nyota kichwani. Huzaliwa na hamu ya kutazama juu na kujifunza ni sehemu gani ya anga haisogei. Wasafiri wengine huongozwa na jua, wengine na usumaku wa dunia, na wengi hutumia njia zaidi ya moja, ili mawingu yakifunga huku wafungue kule.

Sasa malipo. Mwezi Oktoba 2022, ndege mmoja wa ufukweni, wa jamii moja na sululu, mwenye mdomo mrefu uliobenuka juu kidogo, aliondoka Alaska. Umri wake miezi mitano. Mgongoni alibeba kifaa kidogo cha setilaiti. Alitua Tasmania, Australia, baada ya siku 11 na kilomita 13,560. Hakutua popote. Hakula, hakunywa. Na baharini hawezi kupumzika, kwa sababu si ndege wa kuelea. Akitua majini ndiyo mwisho wake.

Amewezaje? Kabla ya kuondoka, ndege hawa hula mpaka mafuta yanakaribia nusu ya uzito wao. Halafu mwili hufanya jambo la ajabu: tumbo, ini na utumbo husinyaa. Njiani hakuna kula, basi kwa nini ubebe vyombo vya kulia? Akifika huanza kuvijenga upya. Mnaona analipa nini? Anasafiri kwa kujipunguza mwenyewe.

Jamaa mwingine ni buabua wa Aktiki. Huzaa karibu na ncha ya kaskazini, kisha kipindi cha baridi hukimbilia bahari za kusini kabisa, karibu na Antaktika. Wale wa Greenland waliofungwa vifaa walikutwa wakisafiri kwa wastani wa karibu kilomita 70,900 kwa mwaka. Na wanaishi miaka mingi, baadhi zaidi ya 30. Hesabu mzifanye wenyewe nyumbani.

Hapo lazima mtu aulize: basi wanalala saa ngapi?

Swali zuri. Yupo ndege mkubwa mweusi wa baharini aitwaye frigeti, ambaye dume lake huvimbisha kifuko chekundu kooni. Anaishi baharini, lakini manyoya yake hayazuii maji vizuri. Akitua juu ya bahari ataloa, na kuinuka tena kwa mabawa yale marefu ni taabu. Kwa hiyo hukaa angani siku kadhaa mfululizo, hata kumi. Watafiti huko visiwa vya Galápagos waliwafunga mafrigeti vifaa vya kupima ubongo, na mwaka 2016 wakatoa matokeo. Frigeti hulala akiruka, mara nyingi nusu moja ya ubongo ikilala na nyingine ikiwa macho, na mara nyingine zote mbili kwa sekunde chache. Jumla yake? Dakika 42 kwa siku. Akirudi nchi kavu hulala zaidi ya saa 12. Deni la usingizi nalo hulipwa.

Hiyo habari ya nusu ubongo si ya frigeti peke yake. Tazameni bata mwitu wakilala kwa mstari. Wa katikati hufumba macho yote mawili. Wa pembeni kabisa hulala na jicho moja wazi, na jicho lenyewe ni lile la upande wa nje, hatari inakotokea. Ukimhamishia katikati atafumba yote mawili. Ukaaji wa pembeni una kodi yake.

Sasa tuingie kwenye miili. Hapa nitapita mbio mbio, maana kila ndege anastahili hotuba yake.

Heroe na mguu mmoja. Tulidhani anajichosha ili kuuokoa mguu mwingine na baridi. Baridi imo, kweli, maana mguu mtupu majini hupoteza joto. Lakini mwaka 2017 watafiti wawili Wamarekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichukua heroe waliokwisha kufa na kujaribu kuwasimamisha. Kwa mguu mmoja, mzoga ulisimama bila msuli wowote kufanya kazi. Kwa miguu miwili, ukaanguka! Kumbe kwake mguu mmoja ndiyo mapumziko. Sisi tunaomwonea huruma ndio tunaochoka.

Kigong'ota je? Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba fuvu lake lina kitu cha kupunguza mshtuko, na hata waliobuni kofia za kuzuia ajali walivutiwa na habari hiyo. Mwaka 2022 wanasayansi walipiga video za kasi kubwa za aina tatu za vigong'ota wakigonga miti, wakapima, na kukuta fuvu halipunguzi mshtuko hata kidogo. Ni gumu kama nyundo. Na ukifikiri, lingekuwa na mto ndani, nusu ya nguvu ingeishia kwenye mto badala ya kwenye mti, na ingebidi agonge kwa nguvu zaidi. Kinachomsalimisha ni udogo wa ubongo wake: mshtuko ambao ungemwangusha mtu haufikii kiwango cha kumdhuru.

Pilipili! Mtoto mmoja huniuliza hili kila tukikutana. Ndege humeza pilipili kali bila hata kupepesa, kwa sababu mwili wake hauhisi ule ukali. Panya na wanyama wengine wenye meno huuhisi sana. Meno husaga mbegu zikafa; ndege huzipitisha tumboni zikiwa nzima na kwenda kuziacha mbali. Pilipili imemchagua mteja wake.

Bundi ana macho makubwa mno yenye umbo la mrija, yamekwama kwenye fuvu, hayageuki kabisa. Bei ya macho hayo huilipa shingo. Ina pingili 14, mara mbili ya zetu, na humwezesha kugeuza kichwa hadi nyuzi 270. Manyoya yake laini hunyamazisha sauti ya mabawa, lakini hayavumilii mvua, na ndiyo maana mvua ikinyesha mfululizo usiku kadhaa bundi hulala njaa. Mnandi naye, yule mweusi anayesimama juu ya gogo amekunjua mabawa kama anayeanika nguo, yuko kwenye biashara hiyo hiyo kwa upande wa pili. Manyoya yake huloa kuliko ya bata. Akiloa haelei kirahisi, anazama vizuri, anakamata samaki. Kisha inabidi atoke ajianike. Nani ana akili zaidi, yeye au bata? Mimi sitamchagulia.

Lakini wazee wangu, baba ninayempenda kuliko wote ni firigogo.

Firigogo huzaa jangwani, kwenye ardhi tupu, pengine kilomita 30 kutoka kwenye maji. Makinda hutembea mapema lakini hawaruki, na wanakula mbegu kavu. Maji watayapata wapi? Mwaka 1896 Mwingereza aitwaye Meade-Waldo aliandika kwamba ameona, kwa ndege aliowafuga, dume akijilowesha tumbo na makinda wakija kunywa kwenye manyoya yake. Watu hawakumwamini. Ilichukua hadi mwaka 1967 watafiti wawili, Tom Cade na Gordon Maclean, kuthibitisha jambo hilo jangwani kabisa.

Muone mwenyewe anavyofanya. Kwanza anasugua tumbo mchangani ili kuondoa mafuta ya manyoya. Anaruka hadi kwenye kidimbwi. Anaingia taratibu mpaka maji yanafika tumboni, anainua mabawa na mkia yasiguse maji, anajitikisa juu chini, juu chini, dakika kadhaa. Wenzake wameshakunywa na kuondoka, yeye bado. Nyuzi ndogo za manyoya ya tumbo, zilizojikunja zikiwa kavu, hujikunjua zikiloa na kushika maji katikati yake, hadi mililita 25 hivi. Wakati wote huo yupo mahali ambapo kila kozi wa jangwani anajua kwamba ndege watakuja. Kisha anaondoka mzito, sehemu ya maji ikikauka njiani. Akitua, anasimama wima, na makinda wanaingia chini yake na kuyakamua manyoya kwa midomo. Kesho tena.

Sasa naomba niwahamishe kwa wale ambao hawakubebei maji, wanakuibia.

Mlamba mnamfahamu, mweusi, mkia umegawanyika pande mbili. Kule Kalahari hukaa karibu na makundi ya nguchiro wanaochimbua wadudu. Akiona mwewe hupiga kelele ya hatari, nguchiro wakakimbilia shimoni. Mlinzi mzuri. Siku nyingine nguchiro amefukua nge mnono, mlamba anapiga kelele ile ile, nguchiro wanakimbia, na mwewe hayupo. Mlamba anashuka kula nge.

Je, nguchiro ni wajinga? Hapana. Uongo ule ule ukirudiwa, nguchiro huacha kumjibu. Mlamba naye analijua hilo. Mtafiti Tom Flower na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba sauti moja ikikosa nguvu, mlamba hubadilisha: huiga sauti ya hatari ya ndege mwingine, au ya nguchiro wenyewe. Kwa njia hiyo hujipatia karibu robo ya chakula chake cha siku. Mbona asiibe chote? Kwa sababu ili uongo wake uaminike, ni lazima mara nyingi aseme kweli. Mwewe akija kwa kweli, ni lazima awe wa kwanza kupaza sauti. Ukweli ndio mtaji wake.

Yupo pia yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Kule Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, warina asali wa Kiyao humwita kwa mlio maalumu, "brrr-hm", na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Watu huchukua asali, yeye hula nta. Urafiki mtamu, siyo? Sasa sikilizeni upande wa pili. Ndege huyu hutaga kwenye viota vya wenzake, kwa mfano keremkerem, ndani ya mashimo yenye giza. Kinda wake huanguliwa akiwa kipofu, hana unyoya hata mmoja, lakini ncha za mdomo wake zina ndoano kali. Kwa ndoano hizo huwauma makinda wa mwenye nyumba mpaka wafe. Baadaye ndoano hupotea, na huyo huyo akikua ndiye atakayekuongoza kwenye asali. Msiniulize kama ni mwema au mbaya. Ni ndege.

Nimalizie na swali ambalo akina mama huniuliza zaidi. Kinda kaanguka, mtoto kamshika, je, mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu? Hapana. Mama ndege hamwachi kinda kwa harufu ya mkono wako. Ameshalipa mayai, ameshalipa majuma ya kuatamia, analipa chakula tangu alfajiri hadi jioni. Atamtupa kwa harufu? Penye hatari zaidi ni mwanzoni kabisa, wakati wa kujenga na kutaga. Hapo hajalipa kingi, na ukimsumbua mara kwa mara anaweza kuhama akaanze upya pengine. Kiota chenye mayai usikichungulie kila siku.

Basi ukimkuta kinda chini, mtazame. Akiwa na manyoya na anarukaruka, hajaanguka. Yumo kwenye masomo ya kuruka na wazazi wako karibu wanangoja uondoke. Mwondolee paka, mfungie mbwa, jiondokee. Akiwa uchi na kiota unakiona, mrudishe. Kiota kikiwa kimeanguka chote, kiweke ndani ya kikapu kilichotobolewa chini ili maji yapite, kifunge kwenye mti ule ule, kaa mbali utazame kama wazazi wanarudi. Usimnyweshe maji kwa kumwagia mdomoni, yataingia kwenye njia ya hewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, na watoto waanze.